Tanga ya 1914 juu ya meza ya chumbani

Mliopita chumbani kwetu mkakosa pa kukaa, poleni. Meza yote na kipande cha kitanda cha mwenzangu vimekaliwa na Tanga, tena ile ya tarehe 4 Novemba 1914. Najenga uwanja wa mchezo wa vita. Ardhi unaitengeneza kwa mkono, unapanga vijeshi, unarusha dadu, unaona kama Waingereza wangeweza kushinda.

Vifaa ni vya kuokoteza tu. Vilima ni maboksi niliyoyapanga tabaka kwa tabaka, juu nikabandika magazeti kwa uji wa ngano. Majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, yakikauka, ndiyo udongo wa chini ya miti. Reli ni njiti za kiberiti. Vichaka ni dodoki lililokatwakatwa na kupakwa rangi ya kijani (msiniulize lilikuwa la nani).

Sasa aisee, vita hivi nilishavijibu kwenye mtihani. Jenerali Aitken alishusha askari kama 8,000 waliotoka India, Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000, mwenye wengi akapigwa. Nikaandika “uongozi mbovu”, nikapata maksi zangu. Na ulikuwa mbovu kweli: tarehe 2 meli ya Fox ilitangulia kuwapa Wajerumani taarifa, nao wakapata muda wa kuleta watu kwa treni kutoka upande wa Moshi.

Lakini nilipomaliza kubandika dodoki toka Ras Kasone walikoshukia mpaka mjini, mashamba ya mpira, mkonge na vichaka, niliinama jicho likawa usawa wa meza. Mji sikuuona! Sikuona hata kikosi changu cha pili. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi watu 8,000 wanavyoweza kupotezana mchana kweupe, na kwa nini nyuki waliotibuliwa kwenye miti walidhaniwa mtego wa Mjerumani. Waliwauma wa pande zote mbili jamani.

Shida yangu sasa ni saa. Meza haisogei, lazima uchague dakika moja. Hili lilimtesa mtu mmoja zamani, William Siborne, luteni wa Kiingereza aliyepewa kazi mwaka 1830 ya kutengeneza mfano wa uwanja wa Waterloo. Alikaa miezi 8 pale shambani La Haye Sainte akipima ardhi, kisha akawaandikia maofisa barua kuwauliza: saa moja jioni ulikuwa umesimama wapi, na shambani kulikuwa na mazao gani? Serikali ikaacha kumlipa mwaka 1833, akaendelea kwa pesa zake na madeni. Ubaya ni kwamba saa aliyoichagua iliwaonyesha Waprussia wengi mno ubavuni mwa Wafaransa, na Wellington hakupenda ushindi ugawanywe hivyo. Mfano ulionyeshwa London mwaka 1838, na Waprussia wengi waliondolewa. Upo mpaka leo katika jumba la makumbusho ya jeshi huko London. Pesa zake hazikurudi.

Nikirudi kwangu: nikichagua alasiri, Waingereza wako mjini. Kikosi cha North Lancashire na watu wa Kashmir wamevuka mkato wa reli, wanapigana nyumba kwa nyumba. Nikisogeza mbele kidogo, askari wa Lettow wanashambulia kutokea ubavuni, mstari unakatika, mbio kurudi pwani. Waingereza walipoteza zaidi ya 800, kuuawa, kujeruhiwa ama kupotea. Asubuhi ya pili wakaondoka wakiacha bunduki na risasi tele.

Kuna saa nyingine ambayo mtihani haukuiuliza. Usiku ule askari wa Lettow nao walirudi nyuma, magharibi ya mji, kwa kutoelewana kwa amri. Kwa saa kadhaa Tanga haikuwa na jeshi lolote, na Waingereza hawakujua.

Mwenzangu, mtoto wa Ngamiani, anataka alasiri, mji wake uonekane unapiganiwa. Jana nimeondoa vijeshi vyote mjini nikaviweka pembeni, nikazima taa kuona inavyokaa. Akaniuliza, “Sasa hapo wa kucheza ni nani?” Mpaka leo asubuhi vilikuwa bado pembeni, na yeye amelala nusu kitanda.