Ajali ya M.V. Bukoba na Swali la Mkosaji

Meli ikizama, jicho la kwanza humtafuta nahodha. Desturi hiyo ni kongwe, nayo ina sababu: msiba mkubwa wataka mtu wa kuubeba. Lakini ajali ya M.V. Bukoba yaonyesha jinsi jibu la upesi liwezavyo kuficha nusu ya habari.

Meli hiyo iliondoka Bukoba tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya pili yake ikapinduka ilipokaribia Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Waliokufa wakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina, hata idadi yao kamili haikupata kujulikana.

Mwaka 1997 Jens Rasmussen, mtaalamu wa Denmark, alieleza njia ya kuchunguza misiba ya namna hii. Mchunguzi huchora ngazi: juu serikali, chini yake wakaguzi, kisha shirika, wasimamizi na wafanyakazi, na mwisho chombo chenyewe na mazingira yake. Halafu huonyesha jinsi uamuzi wa ngazi moja ulivyoibana au kuilegeza nyingine.

Mchoro wa M.V. Bukoba usingeishia ziwani. Ungefika Biharamulo, ambako msafiri wa nchi kavu kutoka Bukoba alipita akilizunguka ziwa, kisha akangoja kivuko kabla ya kuiona Mwanza. Ungegusa hata Ngara, kwani tangu 1994 barabara za wilaya hizo zilibeba pia malori ya misaada ya wakimbizi waliovuka Rusumo. Barabara haikuipindua meli. Bali iliwafanya wengi waione meli kuwa ndiyo njia.

Hata uokoaji wamo katika mchoro huo. Meli ilielea kwa saa kadhaa, tumbo juu, na ndani watu waligonga wakiomba msaada. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyoishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Hapo hapakuwa na nia mbaya, wala uvivu. Palikosekana vyombo na maarifa, na upungufu huo ulianza mbali, kabla ya siku ile.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha M.V. Nyerere, chenye nafasi ya watu 101, kilipinduka karibu na Ukara. Wakafa watu 228. Nahodha alikuwa mwingine, na chombo kingine. Msongamano ulikuwa ule ule. Basi, njia ya Rasmussen haimsamehe mkosaji. Yamkataza mchunguzi kuishia kwake.