Chukudu ya Goma ndani ya gemu yetu

Gari letu lilikuwa linapinduka kila kona. Tulikuwa sita kwenye kompyuta mbili hapa Dzaleka, tunatengeneza gemu ya kwanza ya kundi letu: lori la mizigo linatoka kambini kwenda Lilongwe. Kwenye barabara iliyonyooka linaenda vizuri. Likikata kona tu, chali!

Tulipunguza mwendo. Tukapanua matairi. Wapi! Ndipo papa mmoja jirani, mtu wa Goma, aliyekuja kuchaji simu, akaangalia akacheka: "Batoto, muzigo muliweka juu sana." Kumbe zamani alikuwa dereva wa chukudu.

Wengi wetu tulizaliwa hapa Malawi, chukudu hatujawahi kuiona kwa macho. Basi tukamwomba atueleze.

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, hakina pedali wala injini. Kilienea Kivu Kaskazini miaka ya 1970, enzi za Mobutu, uchumi ulipoanguka na kusafirisha mzigo kwa gari kukawa ghali kwa mtu wa kawaida. Mafundi walichonga mbao ngumu, wakavalisha magurudumu mpira wa matairi yaliyochakaa. Dereva anapiga goti moja kwenye ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi. Mteremkoni anateleza na magunia ya mkaa, viazi na maharage mpaka sokoni. Mjini Goma, tangu 2009, kuna sanamu yake kubwa ya rangi ya dhahabu.

Siri yake iko kwenye ubao. Uko chini, katikati ya magurudumu. Gunia zito linalala chini, jepesi linakaa juu, halafu unafunga vizuri. Uzito ukipanda juu, kona ndogo tu inakuangusha.

Tulishusha mzigo kwenye gemu, lori likatulia. Kosa la pili tulilipata wenyewe: nguvu ya mvutano tulikuwa tumeiweka ndogo mno, karibu kama ya mwezini, ambako ni moja ya sita ya hapa duniani. Wamarekani waliendesha gari huko mwaka 1971 na 1972. Mahali kama pale gari linakuwa jepesi, matairi hayashiki chini vizuri, lakini kasi yake bado inalisukuma lilikokuwa linaelekea.

Papa aliiacha chukudu yake siku aliyokimbia. Alituambia kwamba katika miaka yake yote ya ukimbizi ameulizwa mara nyingi alikimbia nini, lakini alikuwa anajua kazi gani, karibu hakuna aliyemuuliza. Sisi pia tulikuwa jirani zake, hatukuwahi kumuuliza.

Ndugu zetu, waulizeni wazazi wenu leo, kisha muandike.

Sasa chukudu imo ndani ya gemu. Bado inapinduka kwenye mteremko mmoja. Papa anasema tumesahau breki.