Hekaya ya Stanley, Sinema, na Nchi ya Buha

Kila taifa lina hekaya zake. Wamarekani wamezitia hekaya za mashujaa wao katika sinema, nazo zimeenea duniani kote. Moja yatuhusu sisi tukaao Kasulu na Kibondo, kwa kuwa njia yake ilipita katika nchi ya Waha.

Mwaka 1939 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitoa sinema iitwayo Stanley and Livingstone, naye Spencer Tracy ndiye aliyeigiza Stanley. Sinema hiyo yaanzia Wyoming, katika vita vya Wamarekani na wenyeji wa huko, na Stanley apewa mwenzi wa safari, Jeff Slocum, mjuzi wa nyika. Lakini Slocum hakuwako kamwe: ni mtu wa hekaya za Marekani ya magharibi aliyehamishiwa Afrika. Wazungu wawili walioajiriwa na Stanley, Farquhar na Shaw, walikufa, asifike Ujiji hata mmoja. Waliomfikisha ni Waafrika, kama Bombay na Mabruki. Na Stanley mwenyewe, atukuzwaye kuwa Mmarekani, alizaliwa Wales mwaka 1841.

Hata maamkio yake mashuhuri kwa Livingstone yana shaka. Kurasa za daftari lake zihusuzo mkutano ule zimechanwa, na Tim Jeal, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aona kwamba huenda maneno yale yalitungwa baadaye.

Sasa tutazame Buha. Katika kitabu chake cha mwaka 1872, Stanley asimulia jinsi alivyovuka Malagarasi na kudaiwa hongo na Mionvu, amwitaye Mutware wa Kimenyi. Alilipa nguo nyingi. Mbele akadaiwa tena, akasikia ya kuwa wako wakubwa wengine njiani. Basi akamlipa mtu wa huko, akaongozwa usiku porini, na wapagazi wakaamriwa kunyamaza. Msomaji aona shujaa upande mmoja na wanyang’anyi upande wa pili.

Lakini neno moja la kitabu hicho latufundisha zaidi, nalo ni mutware. Buha haikuwa na mfalme mmoja. Heru ya Kasulu ilikuwa na mwami wake. Muhambwe ya Kibondo vivyo hivyo. Na Buyungu pia, ambayo tangu 2012 imo katika Wilaya ya Kakonko. Chini ya kila mwami walikuwako watware, wenye kutunza nchi kwa niaba yake. Hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi kwa apitaye na bidhaa, kama ushuru wa forodha. Hatusemi kwamba tamaa haikuwako. Twasema kwamba mbele ya wenye nchi, aliyetoroka usiku ndiye mkosaji.

Hatari yake ni hii: mtoto wa Kiha aangaliapo sinema kama hizi huweza kujifunza kumwonea haya babu yake. Kukataza sinema hakufai. Yafaa mwalimu awaulize wazee: hongo ilipokewa na nani, na mgeni alipewa nini badala yake, chakula, kiongozi, au ulinzi? Majibu yaandikwe kwanza kwa Kiha, ndipo yafasiriwe kwa Kiswahili. Hekaya ya Stanley imeandikwa na kupigwa picha; ya mtware yangali vinywani mwa wazee, nao wanapungua.