Mizani ya Pamba na Somo la Duma

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: kwa nini waliberali wa Urusi, waliokuwa na wanasheria, maprofesa na magazeti, walishindwa kuyawekea mipaka mamlaka ya watawala wa mwisho wa kifalme? Mimi ni mkazi wa Igogo, hapa Mwanza, na nadhani sehemu ya jibu imo katika historia ya pamba ya Usukuma.

Oktoba 1905 waliberali hao waliunda chama cha Kadeti, wakidai katiba na bunge lenye nguvu. Bunge, yaani Duma, lilifunguliwa mwaka 1906, na miezi michache baadaye Tsar Nicholas II akalivunja. Wabunge wengi wa upinzani walikutana Vyborg, Finland, wakawataka wananchi wasilipe kodi wala wasitoe vijana jeshini. Wito huo haukuitikiwa. Hoja za Kadeti zilikuwa na uzito, lakini chama hakikuwa na mizizi vijijini.

Katika Jimbo la Ziwa mambo yalianza kinyume chake. Wakulima walilalamika kwamba wanunuzi wa pamba waliwapunja kwenye mizani. Kutokana na kero hiyo, Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Mkulima alijifunza kuchagua viongozi, kukagua hesabu na kuhoji, kabla hajapata haki ya kupiga kura ya kitaifa.

Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku shughuli za TANU Usukuma tangu 1954 hadi 1958, lakini haikuweza kuupiga marufuku uzoefu huo. Mwaka 1958, ilipolazimisha Geita halmashauri ya mseto wa rangi, wananchi waliikataa, na maelfu wakaandamana hadi Mwanza. Polisi waliwatawanya, ila mpango wenyewe haukudumu. Wito wa Vyborg ulikosa watu wa kuuitikia. Geita watu walikwisha kujipanga.

Hata hivyo, nisiishie kwenye sifa. Baada ya uhuru, mfumo wa chama kimoja ulihalalishwa mwaka 1965. Mwaka 1968 muungano ule ulivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza Co-operative Union, na mwaka 1976 serikali ikafuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Ni kweli kwamba vyama hivyo vilikuwa na ubadhirifu wake. Lakini dawa iliyotolewa iliwanyang'anya wanachama haki ya kuwawajibisha viongozi wao wenyewe.

Kwa wanaharakati, fundisho ni kwamba katiba nzuri haijilindi. Huanza kulindwa pale mwananchi anapozoea kudai hesabu ya jasho lake. Kwa watumishi wa umma, nasema hivi: kasoro za chama cha wananchi hurekebishwa na wanachama chini ya sheria. Anayekifuta kwa amri anaweza kumwondoa mwizi, lakini anawaondoa na wakaguzi pia.