Kipande cha mbao mfukoni: kaseti ilivyowafaa bibi zetu

Wengi wetu tumezaliwa wakati kaseti zinaondoka madukani, tunazijua kama picha kwenye fulana tu. Lakini waulize wazee wako walikuwa wanawasiliana vipi na nyumbani wakati dakika moja ya simu ilikuwa ghali mno. Wengi watakwambia: barua, na kaseti. Ule ujumbe wa sauti unaomtumia shangazi yako kwa WhatsApp una babu yake, na babu huyo katokea Ubelgiji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashine za kurekodi sauti zilikuwepo, ila zilikuwa za magurudumu mawili ya utepe yaliyo wazi. Ilibidi ushike ncha ya utepe kwa vidole, uupitishe kwenye mashine, halafu uuzungushe kwenye gurudumu la pili. Ukiteleza, utepe wote unamwagika sakafuni. Ilikuwa ni kazi ya watu wa redio na wale wanaopenda mashine, si ya mama mwenye watoto watano na sufuria jikoni.

Katika kiwanda cha Philips mjini Hasselt, Ubelgiji, mhandisi Mholanzi anayeitwa Lou Ottens aliongoza timu iliyotaka kitu kidogo zaidi. Ninachokipenda kwenye hadithi yake ni kwamba hakuanza na umeme. Alichonga kipande cha mbao kinachoingia kwenye mfuko wa koti lake, akasema kinasa sauti kisizidi hapo. Yaani mfuko kwanza, mashine baadaye. Kipande chenyewe hatunacho leo: Ottens alikitia chini ya jeki siku moja akibadilisha tairi, kikaishia hapo.

Kaseti na kinasa sauti chake vilionyeshwa Berlin mwaka 1963. Utepe haukufika hata milimita 4 kwa upana, na ule wa dakika 60 ulikuwa na urefu wa karibu mita 90, wote umefungiwa ndani ya plastiki. Hakuna kuugusa. Ukiusimamisha katikati, unabaki palepale, hata ukiutoa leo na kuurudisha mwakani. Upande wa kwanza ukiisha, unageuza. Na kama hutaki mtu arekodi juu ya sauti yako, unavunja kijimeno kidogo cha plastiki kilicho mgongoni. Ukibadili mawazo, unaziba tundu kwa selotepu. Kinga nzima ni kijimeno hicho, hakuna nenosiri wala mipangilio ya kutafuta.

Jambo la pili lililoibeba kaseti halikuwa la uhandisi. Kampuni nyingine zilikuwa na aina zao za kanda, na Sony ikaishawishi Philips iwaruhusu wengine kutengeneza kaseti bila kulipia hakimiliki. Philips ikakubali. Ndiyo maana kaseti iliyonunuliwa Dubai iliingia kwenye redio kaseti ya Unguja bila mtu kuuliza ni ya kampuni gani. Fikiria chaja zetu zilivyotusumbua miaka yote hii, utaelewa uzito wa uamuzi ule.

Na hapa ndipo historia hii inapotugusa. Baada ya mapinduzi ya 1964 Wazanzibari wengi walitawanyika, na kuanzia 1970 wengi wakaenda Oman. Wengine walifika huku Uingereza, kama watu wa kwetu. Marehemu bibi yangu alisoma Kurani vizuri na aliandika kwa herufi za Kiarabu, lakini barua za herufi za Kilatini alikuwa anasomewa. Maana yake kila siri yake ilipita mdomoni mwa mtu mwingine kwanza. Kaseti ikamwondolea mkalimani. Alibonyeza mwenyewe, akaanza salamu (na salamu zake, wallahi, zilikula robo ya upande wa kwanza), akaeleza nani kaoa na nani mgonjwa, jogoo akiwika nyuma. Mtu akisafiri, anapewa aibebe.

Sisemi kaseti ilikuwa malaika. Sauti yake ilikuwa na mvumo usiokwisha, na joto liliharibu utepe. Tena urahisi uleule uliompa bibi uhuru uliwaumiza wanamuziki: mtu yeyote mwenye mashine mbili aliweza kunakili taarabu na kuiuza, na mwimbaji asipate hata senti.

Lakini tukizungumza juu ya vifaa "rahisi", tunahesabu vitufe tu. Mimi nadhani kipimo ni kingine: je, mtu anaweza kukitumia bila kuomba ruhusa wala msaada? Simu ya leo ina kioo kitupu na kitufe kimoja au viwili, na bado wazee wetu wanatusubiri Jumapili tuwafungulie. Bibi hakumsubiri mjukuu yeyote.

Sasa kuna jambo lenye haraka. Utepe unazeeka, kila mwaka sauti inafifia, na mashine nzima za kuuchezesha zinapungua. Kama kuna boksi la kaseti kabatini kwenu, usianze kwa kuzijaribu kwenye mashine yoyote ile. Kwanza vunja vijimeno vya nyuma ili usifute kitu kwa bahati mbaya. Angalia kama kile kisponji kidogo kinachobana utepe bado kimeshika. Safisha kichwa cha mashine. Kisha cheza huku unarekodi kwenye kompyuta, maana huenda ikacheza mara moja tu.

Na ukae na mzee pembeni unaposikiliza. Kuna maneno mle ndani ambayo sisi huku hatuyatumii tena, na anayejua maana yake ni yeye.