Uvimbe juu ya jicho la mtoto: Si kila doa ni saratani

MZAZI wa Kata ya Ikinga, wilayani Ileje mkoani Songwe, anapoona doa au kinyama juu ya jicho la mwanawe, hofu ya kwanza huwa ni saratani. Hofu hiyo ina sababu, lakini mara nyingi chanzo ni kingine.

Saratani ya utando wa juu wa jicho inajulikana sana Afrika Mashariki. Huchangiwa na mionzi ya jua, virusi vya Ukimwi na virusi vya papiloma. Hata hivyo, huwapata zaidi watu wazima. Kwa watoto ni nadra, isipokuwa wenye virusi vya Ukimwi au maradhi ya kurithi yanayoifanya ngozi ishindwe kuhimili jua.

Uvimbe mmojawapo unaoonekana kwa watoto ni ule wa kuzaliwa nao, wenye rangi nyeupe au ya manjano, ukingoni mwa kioo cha jicho. Huo si saratani. Upo pia uvimbe wa mzio, unaoambatana na mwasho mkali.

Doa jeupe lenye mfano wa povu, pembeni mwa jicho, ni dalili ya upungufu wa vitamini A, hasa mtoto anapopata taabu kuona jioni. Hapo ndipo ugonjwa wa siliaki unapoingia.

Katika ugonjwa huo, protini ya gluteni iliyomo katika ngano na shayiri huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Utumbo ulioharibika hushindwa kufyonza mafuta, na vitamini A husafiri pamoja na mafuta. Mtoto huharisha kwa muda mrefu, hudumaa, na macho yake yanaweza kukauka ingawa analishwa vizuri.

Siliaki haijulikani kuwa chanzo cha uvimbe wa jicho. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Mahindi, mchele, ulezi, ndizi, viazi na muhogo havina gluteni. Mkate, chapati na maandazi ya ngano vinayo. Mzazi asimwachishe mtoto vyakula hivyo kabla ya vipimo, kwani majibu yanaweza kupotoka.

Saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wadogo, retinoblastoma, huanzia ndani ya jicho. Dalili zake ni mng'ao mweupe katika mboni na makengeza. Ikiwahiwa hutibika, ikicheleweshwa huua.

Kwa hiyo, mtoto mwenye uvimbe unaokua, mng'ao mboni au macho makavu apelekwe kituo cha afya bila kukawia, ili apewe rufaa ya kwenda kwa daktari wa macho, ikiwamo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Dawa za majani zisitiwe jichoni, kwani huweza kuchoma kioo cha jicho na kuleta upofu.

Watoto wa miezi 6 hadi 59 wapelekwe pia kupata matone ya vitamini A, yanayotolewa nchini mara mbili kwa mwaka.