Tufani ya Unguja ya 1872 na Mashahidi Wake

Siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872, iliyoangukia mwanzo wa mwezi wa Safar mwaka 1289 wa Hijra, mji wa Unguja ulipigwa na tufani ambayo mfano wake haujaonekana tena kisiwani. Wakati ule ulikuwa wakati wa tanga mbili: kaskazi ilikuwa imekwisha nguvu, na kusi ilikuwa haijakaa sawasawa. Kwa mabaharia majira hayo ni majira ya kungoja. Vyombo vilivyoshuka na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba, Bara Hindi na pwani ya Somali huwa vimekwisha kuuza shehena zao, navyo hulala bandarini vikitazamia kusi ya kuwarudisha wenyewe makwao. Kwa hiyo bandari ilikuwa imejaa. Laiti upepo ule ungalikuja miezi mitatu baadaye, ungalikuta maji matupu.

Wenyeji hawakuwa na sababu ya kuutazamia. Dhoruba za namna hiyo huzaliwa juu ya maji ya moto ya Bahari ya Hindi, na huzunguka kwa sababu dunia nayo huzunguka. Lakini nguvu ya kuzizungusha hupungua kadiri zinavyoikaribia ikweta. Unguja iko digrii 6 tu kusini ya ikweta. Ndiyo maana Morisi, Bukini na pwani ya Msumbiji huzijua dhoruba hizi kama mtu amjuavyo jirani mbaya, na Unguja huzisikia kwa mbali. Watu wa mji walikuwa na hofu zao nyingine. Miaka miwili tu nyuma walikuwa wamezika wafu wa kipindupindu cha 1869 na 1870. Moto waliujua, njaa waliijua. Upepo waliufahamu kuwa mtumishi wao, wenye kuja na kuondoka kwa miezi maalumu. Lugha yenyewe yashuhudia jambo hili. Pepo za kawaida zina majina ya nyumbani, kama kaskazi, kusi, matlai na umande, lakini kwa upepo wa siku ile ilibidi litumike neno tufani, lililotoka Kiarabu, ambalo ni jina la gharika ya Nabii Nuhu.

Yaliyotokea baharini yanajulikana vizuri. Karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini, majahazi na merikebu pamoja, vilikatika nanga vikatupwa pwani au vikazama. Meli moja ya moshi, Abydos, ilihimili. Sayyid Barghash bin Said, aliyekuwa ametawala tangu Oktoba 1870, alipoteza karibu manowari zake zote kwa siku moja. Miongoni mwa vyombo vyake palikuwa na El Majidi, chombo chenye historia ya ajabu: jina lake kabla ya hapo lilikuwa Shenandoah, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kilikuwa kikiwinda meli za wafanya biashara na za wavua nyangumi wa upande wa Kaskazini, hata mwisho wa vita. Kilinunuliwa kwa ajili ya Sayyid Majid mwaka 1866. Bunduki na mizinga ya adui haikukiweza. Upepo wa Unguja ulikitupa ufukoni.

Haya twayajua kwa sababu yaliandikwa, na aliyeyaandika kwa uangalifu zaidi alikuwa John Kirk, kaimu balozi wa Kiingereza. Huyu alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea, mtu aliyezoea kupima na kuhesabu, naye aliishi katika nyumba ya ubalozi ya Shangani, iliyojengwa kwa mawe, mbele yake bahari. Sina haja ya kumtilia shaka. Aliona alichokiona. Lakini mwanafunzi wa historia na ajiulize madirisha ya nyumba ile yalitazama wapi. Yalitazama bandarini. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na mji, nyuma ya mji palikuwa na mfereji wa maji ya chumvi ambao baadaye ulifukiwa, na ng'ambo ya mfereji palikuwa na mtaa ulioitwa kwa jina hilo hilo, Ng'ambo, makao ya wavuvi, wachukuzi, mafundi, wahuru maskini na watumwa wenye kulala mbali na mabwana zao.

Katika maandishi niliyoyasoma kuhusu siku ile, merikebu zimetajwa kwa majina. Karafuu na minazi imekadiriwa. Sikuona nyumba moja ya Ng'ambo iliyotajwa, wala jina la mtu mmoja aliyelala humo. Basi imenilazimu kuisoma tufani ya mtaa ule kwa njia nyingine, yaani kwa kuzitazama nyumba zenyewe.

Nyumba ya mawe ya mjini ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Ilikuwa nzito, na upepo hauna pa kuishika. Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa kinyume chake. Ilisimama kwa nguzo zilizochimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba, kiambaza kikakandikwa kwa udongo. Juu yake mwamba, makombamoyo na makuti. Nyumba hii ni ya busara sana kwa nchi ya joto, na mjenzi wake hastahili kudharauliwa. Kasoro yake ni kwamba sehemu zake hutegemeana. Upepo hauanzi kuipiga ukuta. Huingia chini ya upenu na kuliinua paa kama mtu afunuavyo kawa. Paa likiisha kwenda, mvua hukipata kiambaza wazi, na udongo uliokauka miaka kumi hurudi kuwa tope kwa saa chache. Tena upepo wa tufani huzunguka: jicho lake likipita juu ya mahali, huwa kimya kidogo, watu wakatoka kutafuta watoto na mali zao, kisha upepo hurudi kwa nguvu zile zile kutoka upande wa pili. Nguzo iliyoinamishwa kusini huvunjwa kwa kusukumwa kaskazini.

Maneno haya ya mwisho nisingaliyaandika kwa ujasiri kama nisingalikuwa Kilindoni, katika kisiwa cha Mafia, mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika huko. Hakikuwa na nguvu za tufani ya 1872, nami sitaki kulinganisha visivyolingana. Nilikuwa mgeni katika nyumba ya udongo yenye paa la bati, kwa mzee mmoja na mkewe, niliowaita Baba na Mama kama iwapasavyo watu wa umri wao. Nilidhani kwamba nitashuhudia kitu. Ukweli ni kwamba sikuona chochote. Taa ilizimika, milango ikafungwa, nasi watu sita tukakaa katika chumba cha kati, tukisikiliza. Mzee alikuwa akitaja kwa sauti kila kilichokuwa kikienda: "Hilo ni jiko. Hilo ni paa la jirani. Huo ni mnazi wa kisimani." Asubuhi tulipotoka nikakuta kwamba hakukosea hata kimoja. Alikuwa ameishi mahali pale miaka yote, akijua sauti ya kila bati na kila mti.

Tangu asubuhi ile nimeacha kuamini kwamba shahidi wa dhoruba ni lazima awe aliyekuwa dirishani.

Na huko 1872 walikuwako mashahidi wa namna hiyo, ila mtu aliyewasikia hakuwasadiki. Henry Morton Stanley alikuwa njiani wakati ule, akirudi pwani baada ya kuagana na Livingstone katika Unyanyembe mwezi wa Machi. Mvua zile zile za masika zilimtesa sana, na alipofika Simbamwenni, mji mkubwa wenye ukuta karibu na Morogoro ya leo, alikuta maji ya mto Ungerengeri yamebomoa sehemu ya ukuta huo na kuchukua nyumba na watu. Mbele kidogo, karibu na pwani, wenyeji wakamwambia kwamba tufani imepiga Unguja, imeangusha kila nyumba na kuvunja kila merikebu, na kwamba Bagamoyo nayo imepatwa. Stanley aliandika katika kitabu chake, kilichotoka mwaka ule ule, kwamba yeye alikwisha kuijua tabia ya Waafrika ya kuongeza chumvi. Akaendelea na safari, akafika Bagamoyo tarehe 6 Mei, na kesho yake akavuka kwenda Unguja.

Tuyapime maneno ya wapashaji habari wale. Kila nyumba haikuanguka. Nyumba za mawe nyingi zilisimama. Lakini kuhusu merikebu walikosea kwa chache tu. Na je, mtu wa Ng'ambo akisema "kila nyumba", anahesabu nyumba zipi? Anahesabu za mtaa wake. Mimi nadhani kwamba maneno yale, yaliyovuka mlango wa bahari na kupanda bara kwa midomo ya watu wasiotajwa, ndiyo ushahidi wa karibu kabisa tulio nao wa jinsi tufani ilivyokuwa katika nyumba za makuti. Yalifika mpaka kwenye kalamu ya msafiri mashuhuri, na kalamu ikayaandika ili kuyacheka.

Sasa niseme juu ya mashamba, maana huko ndiko upepo ulikoendelea kuvuma baada ya kutulia. Inakadiriwa kwamba kiasi cha thuluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iliangushwa. Mkarafuu hauna mzizi wa kushindana na tufani, na mche ukipandwa leo mwenye shamba hungoja miaka sita au zaidi kabla ya kuchuma cha maana. Wenye mashamba wengi walikuwa wameyaweka rehani kwa wakopeshaji wa mjini, kwa kuwa bei ya karafuu ilikuwa ya chini kwa miaka mingi na mavuno yalikuwa makubwa kupita haja ya soko. Tufani iliondoa mavuno ikaacha deni.

Lakini Pemba haikuguswa sana. Hapa pana jambo ambalo mwandishi wa riwaya angeogopa kulibuni: siku moja ya upepo ilifilisi kisiwa kimoja na kukitajirisha kingine. Karafuu zilipoadimika bei ilipanda, na kila aliyekuwa na ardhi Pemba akataka kupanda. Kabla ya karne kwisha Pemba ilikuwa ikitoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu za nchi, na mpaka leo jina la karafuu na jina la Pemba hayatengani.

Kupanda kwahitaji mikono, na mikono ya siku zile ilikuwa ya watumwa. Januari 1873 Sir Bartle Frere alikuja Unguja akitumwa na serikali ya Uingereza, ili Sayyid Barghash apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Sayyid alikataa, na hasara ya tufani ilikuwa miongoni mwa hoja zake: nchi imekwisha kuvunjwa na upepo, vipi ivunjwe tena kwa mkataba? Sisi tunaosoma leo hatuwezi kuipokea hoja hiyo, maana ilimtaka mtu mmoja alipe kwa uhuru wake hasara ya shamba la mwingine. Hata hivyo haikuwa ya uongo kwa hesabu ya wenye mashamba. Frere aliondoka mikono mitupu. Waingereza wakatishia kuizingira bandari kwa manowari, na bwana yule, ambaye manowari zake zilikuwa zimekwisha kuliwa na bahari, akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa likafungwa siku hiyo.

Soko lilifungwa, haja haikufungwa. Bei ya karafuu ilikuwa juu, miche ya Pemba ilikuwa ikingoja kupaliliwa, na mlango wa bahari baina ya Pemba na mrima ni mwembamba, hupitika usiku mmoja kwa jahazi. Watu waliendelea kuvushwa kwa siri kwa miaka mingi. Mwaka 1881 nahodha Mwingereza, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akikipekua chombo kilichochukua watumwa. Jina lake limehifadhiwa. Majina ya waliokuwa ndani ya chombo kile sikupata kuyaona popote.

Sayyid Barghash alinunua meli nyingine mahali pa zile zilizopotea, Glasgow, iliyofika Unguja mwaka 1878. Nayo ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiofika saa moja. Mwaka uliofuata, Aprili 1897, ilitoka sheria ya kuondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Sheria hiyo haikumwachia mtumwa uhuru mlangoni pake. Ilimtaka aende mwenyewe mbele ya mahakama auombe, na bwana wake alipwe fidia. Mtu wa Pemba mwenye umri wa miaka thelathini aliyesimama mahakamani siku hizo alikuwa mtoto wa miaka mitano mwaka wa tufani, pengine katika kijiji cha bara mbali na bahari, asiyepata kuusikia upepo wa Jumatatu ile. Alipofika mbele ya karani aliulizwa jina lake, nalo likaandikwa.